Klabu ya Soka ya Watoto Mtaani: Namna ya Kuianzisha na Kuiendesha Isife Msimu wa Kwanza

Klabu nyingi za watoto katika mitaa ya Dar es Salaam huzaliwa kwa njia moja. Kijana aliyewahi kucheza ndondo, yaani soka la mashindano ya mtaani, hupata seti ya jezi kutoka kwa mwenye duka au mgombea udiwani, hukusanya watoto kumi na wanane walio hodari kuliko wenzao, huwapeleka kwenye bonanza, na miezi minane baadaye jezi zimepauka, watoto watatu wamechukuliwa na timu ya mtaa wa pili, na kiwanja kimerudi mikononi mwa wauza mitumba. Nimeshiriki kuanzisha klabu ya namna hiyo, na nilikuwapo ilipokufa. Mwongozo huu unahusu klabu ya aina nyingine, ile ambayo mtoto wa mtaani huitegemea kila wiki kama anavyoitegemea shule, awe fundi wa mpira au awe yule ambaye mpira humpita katikati ya miguu. Klabu ya aina hiyo huanza na ratiba na daftari; timu huja baadaye.

Kiwanja na saa

Kabla hujamwita mtoto hata mmoja, hakikisha una mahali pa kumwitia. Andika barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mwalimu mkuu ikiwa kiwanja ni cha shule, ukieleza siku, saa, idadi ya watoto na jina la mtu mzima atakayewajibika, na ombi likikubaliwa usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu ruhusa ya mdomo hudumu mpaka mwenyekiti mwingine achaguliwe. Kisha waendee watu ambao barua haiwataji lakini ndio wenye kiwanja kwa mazoea: maveterani wanaocheza jioni, vijana wa ndondo, na mama mwenye genge nyuma ya goli. Sisi tulipewa na maveterani muda wa saa moja na robo kila Jumanne na Alhamisi, kwa sharti kwamba watoto waokote mawe na chupa kabla ya kuondoka, na makubaliano hayo yasiyoandikwa popote yameheshimiwa kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Saa ya mazoezi ichaguliwe kwa kuuliza, wala isikisiwe. Watoto wengi hutoka shule wakaenda madrasa, na kocha anayepanga mazoezi bila kuzungumza na ustadhi huwaweka watoto katika hali ya kudanganya upande mmoja au mwingine. Kwetu, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasorobo ilifaa, kwa kuwa jua limepoa na mtoto anafika nyumbani kabla ya giza. Jumamosi asubuhi tunaanza saa moja na nusu. Katika mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, viwanja vingi vya Dar es Salaam hugeuka madimbwi, kwa hiyo tafuta mapema ukumbi, sakafu ya saruji ya shule au hata kibaraza kipana cha kuendeshea michezo ya miguu, maana wiki sita bila mazoezi hutosha kuwapoteza watoto nusu.

Jambo moja la kiwanja halina mjadala, nalo ni magoli. Goli la chuma lisilofungwa chini linaweza kuua mtoto anayening'inia kwenye mtambaa wa panya, na ajali za aina hiyo zimetokea katika nchi nyingi. Lichimbiwe, au lifungwe kwa vigingi na mifuko ya mchanga, au lilazwe chini lisipotumika. Watoto wadogo hawahitaji goli la chuma hata kidogo. Koni mbili au ndara mbili zinatosha.

Karatasi chache zinazohitajika

Kwa Tanzania, vilabu vya michezo husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya afisa michezo wa wilaya. Utaulizwa katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha klabu na majina ya viongozi. Katiba iwe fupi na iseme mambo matatu waziwazi: klabu ni ya nani, fedha hutiwa saini na nani, na kiongozi huondolewaje. Vilabu vingi huvunjika kwa sababu mwanzilishi aliamini kwamba klabu ni mali yake, na wazazi waliamini kwamba ni yao, na hakuna aliyeandika lolote. Ukishasajiliwa, jitambulishe pia kwa chama cha soka cha wilaya, kwani huko ndiko kwenye ligi za vijana na waamuzi.

Daftari

Nunua kauntabuku moja ya kwaya tatu na uiheshimu kama mwenye duka anavyoliheshimu daftari la madeni. Kila mtoto apewe ukurasa wake wenye majina matatu kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti, shule na darasa, jina na simu ya mzazi au mlezi, na jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Chini yake weka mstari wa afya, na uulize kwa kutaja maradhi yenyewe: pumu, kifafa, selimundu, mzio, moyo. Ukiuliza tu kama mtoto ana tatizo lolote, mzazi atajibu kwamba hana. Selimundu ni ugonjwa ulioenea nchini, na mtoto mwenye nao anaweza kucheza iwapo daktari wake ameruhusu, ilimradi anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuitwa mvivu, na asikae na jezi iliyolowa kwenye upepo.

Kurasa za nyuma ziwe za mahudhurio, na mahudhurio yaitwe kila siku. Mtoto anayekosekana mara mbili mfululizo hufuatwa nyumbani au hupigiwa simu mzazi wake. Mara nyingi jibu ni jepesi, ameenda kwa bibi yake Lushoto, lakini mara nyingine utakuta jambo ambalo shule pia haijalijua.

Usikubali umri wa kuambiwa. Soka letu la vijana linaumwa ugonjwa wa vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, kwa muda mrefu, na anayeanza kuuruhusu katika klabu ya mtaa huwanyang'anya watoto halali nafasi. Dar es Salaam ilishuhudia mfano wa wazi mwaka 2019, ilipokuwa mwenyeji wa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17: Guinea ilifika fainali, kisha ikaondolewa katika matokeo na kupoteza nafasi ya Kombe la Dunia baada ya kubainika kwamba wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe tofauti za kuzaliwa katika mashindano ya awali yaliyofanyika Japani. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kukagua umri katika Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2009, lakini mtaani hakuna mashine hiyo. Kuna cheti, kadi ya kliniki na mwalimu wa darasa anayemfahamu mtoto. Katika bonanza moja tulilohudhuria, beki wa timu pinzani ya chini ya miaka 13 alikuja kutafutwa na mkewe wakati wa mapumziko. Tulicheka njiani kurudi, lakini golikipa wetu aliyeteguka kidole hakucheka.

Programu kwa umri

Kosa kubwa la makocha wa mtaani ni kuwafundisha watoto wa miaka minane kama wachezaji wa Ligi Kuu waliofupishwa. Kwa miaka mingi England iligawa michezo ya watoto hivi: watano kwa watano kwa walio chini ya miaka 7 na 8, saba kwa saba kwa walio chini ya 9 na 10, tisa kwa tisa kwa walio chini ya 11 na 12, na kumi na mmoja kuanzia chini ya 13. Si lazima tuige kila kitu chao, lakini hesabu hii ni nzuri kwa sababu inatokana na miguu ya mtoto. Mchezo wa watano kwa watano unahitaji takriban mita 37 kwa 27, maana yake ni kwamba uwanja mmoja wa mita 105 kwa 68 unabeba michezo minne kwa wakati mmoja, na watoto arobaini wanacheza badala ya ishirini na wawili.

Mpira nao una saizi. Saizi 3 inawafaa watoto hadi miaka minane au tisa, saizi 4 hadi takriban kumi na miwili, na saizi 5, yenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni ya wakubwa. Ukiwa na fedha ya mipira sita, nunua mitatu ya saizi 3 kwanza. Mtoto anayejifunzia mpira wa saizi 5 hujifunza kuupiga kwa kidole gumba, na tabia hiyo huondoka kwa taabu. Kuhusu vichwa, Marekani ilizuia tangu 2015 watoto wa miaka kumi na chini yake kupiga mpira kwa kichwa, nami naona ni busara kuwafuata, hasa kwa kuwa mipira yetu mingi ikilowa huwa mizito kama dafu.

Nieleze zoezi moja la watoto wa chini ya miaka tisa kwa ukamilifu, kwa kuwa hapo ndipo klabu hupimwa. Watoto ni 24, mipira minane, makocha wawili na wasaidizi wawili wa miaka kumi na sita. Dakika kumi za kwanza kila mtoto huchomeka kitambaa nyuma ya kaptula na kujaribu kunyakua vya wenzake ndani ya mraba. Nusu ya watoto wakichoka na mchezo huo, mipira minane huingizwa na anayeumiliki mpira hanyang'anywi kitambaa, kwa hiyo wote wanautafuta mpira bila kuamrishwa. Dakika kumi na tano zinazofuata ni za mmoja kwa mmoja kupita kwenye mageti ya koni, kwa makundi madogo. Nusu saa iliyobaki ni wanne kwa wanne katika viwanja vitatu vya mita 25 kwa 15, bila golikipa, goli likiwa na upana wa hatua mbili za mtu mzima. Kila baada ya dakika sita, timu iliyoshinda husogea kiwanja cha kulia na iliyoshindwa husogea kushoto. Watoto wote 24 wako uwanjani muda wote, na kocha kazi yake ni kufunga kamba za viatu, kugawa maji na kukaa kimya.

Adui wa zoezi hilo ni foleni. Watoto kumi na wawili wakipangwa mstari mmoja kusubiri kupiga goli, kila mmoja hugusa mpira mara tano au sita kwa robo saa, na waliobaki wanarushiana mchanga. Katika kundi letu kulikuwa na mtoto wa miaka saba aliyesimama pembeni kwa wiki tano amevaa koni kichwani kama kofia. Hatukumlazimisha. Wiki ya sita mpira ulimfuata mwenyewe, akaupiga, ukaingia katika goli la timu yake, akashangilia uwanja mzima, na tangu siku hiyo hakuvaa koni tena.

Kuanzia miaka kumi hadi kumi na miwili ongeza pasi, kutazama kabla ya kupokea na kucheza kwa mguu wa pili, lakini kila mtoto aendelee kucheza nafasi zote, pamoja na golini. Jihadhari kuwachagua wakubwa wa mwili, kwa maana aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka uleule wanapishana karibu mwaka mzima, na unachokiona kama kipaji mara nyingi ni miezi kumi na moja ya ziada. Nafasi za kudumu, mbinu na mazoezi ya nguvu za mwili yangoje hadi miaka kumi na tatu au kumi na minne. Mwezi Septemba, wakati wa mtihani wa darasa la saba, punguza ratiba kabla mzazi hajakuomba. Klabu inayoiheshimu shule hupewa mtoto tena Oktoba.

Wasichana

Tangazo linalosema watoto wote wanakaribishwa huleta wavulana. Ukitaka wasichana, wape siku na saa yao, tafuta mwanamke wa kusimamia, nenda kwa mama zao mwenyewe, na uhakikishe kuna choo chenye mlango na komeo. Ruhusu suruali ndefu na hijabu bila maswali, kwa kuwa kanuni za mchezo zinaruhusu hijabu, na pia suruali ya kubana chini ya kaptula. Usianze na mechi; anza na mazoezi ya miezi miwili ambayo hakuna wavulana wakubwa wa kukaa ukutani kuwacheka. Chini ya miaka kumi wachanganye na wavulana kwa utulivu, utashangaa nani anamkimbia nani.

Kazi zaidi ya mpira

Mfano bora Afrika Mashariki uko Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987. Huko, timu iliyoshinda mchezo hupata pointi 3, na timu iliyokamilisha kazi ya kusafisha mtaa hupata pointi 6, kwa hiyo unaweza kuongoza ligi kwa koleo na toroli. Timu ya wakubwa iliyotoka humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Tuliiga jambo hilo kwa kiasi: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni ya mitaro, na pointi zake huingia katika jedwali letu la ndani. Wazee wa mtaa ambao walitulalamikia kwa vumbi na kelele ndio sasa wanaotuletea reki.

Vijana wa miaka kumi na tano na kuendelea wafundishwe uamuzi. Kijana mwenye filimbi katika mchezo wa watoto wa miaka tisa hujifunza kanuni kuliko aliyekariri, na akishatukanwa mara moja na mzazi, hatamtukana mwamuzi tena maishani.

Siku ya mechi

Weka kanuni ya klabu kwamba kila mtoto aliyesafiri na timu acheze angalau nusu ya muda, na uitangaze kwa wazazi kabla ya msimu ili lawama ziishe mapema. Utapoteza baadhi ya mechi kwa ajili ya kanuni hiyo. Mzazi anayepiga kelele za maelekezo apewe kazi ya kubeba maji upande wa pili. Mtoto aliyegongwa kichwani hutolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali na yeye ndiye nahodha, na mzazi wake huelezwa dalili za kumpeleka hospitali: kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi.

Ulinzi wa mtoto

Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, iwe chumba cha kubadilishia nguo, gari au nyumbani kwa kocha. Ujumbe wa simu hutumwa kwa mzazi au katika kundi la wazazi, na kocha haandikiani na mtoto usiku. Kambi ya kulala nje iwe na wanaume na wanawake wazima, na ruhusa ya maandishi. Kabla ya kumpa mtu filimbi, muulize alikofundisha awali na upige simu huko. Chagua mzazi mmoja, asiye ndugu wa kocha, awe mtu wa kupokea malalamiko, na ubandike jina lake pamoja na namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure. Jambo la ukatili likitokea, lipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Vikao vya kuyamaliza kimyakimya kwa kulinda jina la klabu ni kushiriki kosa.

Fedha

Ada iwe ndogo na idaiwe kwa mzazi, kamwe si kwa mtoto mbele ya wenzake. Tuseme una watoto 60 na ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi: panga bajeti kwa watoto 35 wanaolipa, yaani shilingi 70,000, na waliobaki wacheze bila kuulizwa. Mfadhili wa jezi apokelewe kwa shukrani, ila kabla ya kupokea muulize kama anataka watoto wavae sura yake wakati wa uchaguzi. Mapato na matumizi ya kila mwezi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mhasibu wetu ni mama lishe ambaye hajawahi kutazama mechi hadi mwisho, na hajawahi kupoteza risiti.

Klabu kubwa ikija kumtaka mtoto

Siku itafika, na hapo daftari litalipa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi wa kutimiza 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka baada ya hapo. Klabu iliyomlea mtoto miaka yote minne ya mwanzo hupata asilimia 1, yaani dola 10,000 katika uhamisho wa dola milioni moja. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi ya FIFA ya kupokea na kugawa malipo (FIFA Clearing House) iliyoko Paris, ambayo hutegemea rekodi za usajili za shirikisho la nchi. Klabu ambayo haikumsajili mtoto rasmi kupitia chama cha wilaya haitaonekana humo, hata kama mtaa mzima utatoa ushahidi.

Kumbuka pia kwamba uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu soka. Mtu anayekuja na pasipoti mkononi akiahidi majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, na kumtaka mzazi auze kiwanja kulipia tiketi, aombwe barua ya mwaliko ya klabu husika, kisha barua hiyo ipelekwe kwa chama cha wilaya ikahakikiwe kabla mzazi hajatoa hata shilingi moja. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu za usajili za kila msimu na picha ya mtoto viwekwe katika bahasha yenye jina lake, na bahasha zote zikae katika sanduku lenye kufuli, nyumbani kwa mtu ambaye paa lake halivuji.